Mwalimu, Sisi Tumekosa Nini?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya kipindi ambacho enzi zangu za kufundisha shule ya msingi hakikuwa na mtihani wa kumaliza darasa la saba, wala mkaguzi wa elimu hakukiulizia. Walimu wengi tulikitumia kusahihishia madaftari. Nasema juu ya kipindi cha dini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, nikabatizwa na kupata kipaimara katika kanisa la Kilutheri kama watoto wengi wa kwetu. Mwaka 1986, nikiwa bado kijana, nilipangiwa shule moja ya msingi karibu na Tengeru. Wanaopita barabara ya Arusha kwenda Moshi wanaijua Tengeru kwa soko lake la Jumamosi. Akina mama wa Kimeru hushuka na ndizi, maharage, viazi na maziwa. Wachaga huja na bidhaa za dukani, Wapare na Warangi huja na biashara zao, Waarusha huleta mifugo. Watu wa makabila hayo walikuja kuuza, wengine wakabaki, wakapanga vyumba, wakaoa, wakazaa. Watoto wao wakaja shuleni kwetu.

Ndiyo maana katika darasa langu la watoto arobaini na kitu walikuwamo saba wa Kiislamu. Baadhi walikuwa wa wafanyabiashara, mmoja wa dereva wa lori, na wawili Wameru kabisa ambao babu yao alisilimu zamani. Kila Alhamisi kipindi cha mwisho kilikuwa cha dini. Mwinjilisti wa usharika alifika kwa baiskeli, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira. Katekista wa Kikatoliki naye alikuwa na chumba chake. Kwa wale saba, na wenzao wa madarasa mengine, hakuna aliyekuja.

Siku moja nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliwaona wakizagaa kwenye mti wa mkuyu, wakirushiana mawe. Nikaona watapiga kelele, watavunja kioo. Nikawapa mafyekeo wafyeke nyasi za uwanjani hadi kengele ilie. Juma la pili nikafanya hivyo tena, na la tatu. Ikawa desturi: wenzao wakiimba nyimbo za dini madarasani, wao wako juani na mafyekeo.

Juma la nne au la tano, msichana mmoja wa darasa la tano alinijia, akasimama kwa adabu mikono nyuma, akasema, "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Sisi tumekosa nini?"

Nilishindwa kumjibu. Kila aliyesoma shule zetu anajua fyekeo ni la nani. Ni la mchelewaji, la mtoro, la aliyeongea Kimeru darasani. Nilikuwa nimewaadhibu watoto kwa majuma yote hayo kwa kosa la kuwa wachache, na sikuwa nimeliona hilo mpaka nilipoulizwa na mtoto.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwinjilisti alikuwapo na maalim hakuwapo. Jibu jepesi ni kwamba Wameru wengi ni Wakristo. Lakini hilo linaeleza idadi ya watoto tu. Halielezi kwa nini dini moja ilikuwa na mtu wa kumtuma Alhamisi saa nane mchana, na nyingine haikuwa naye. Jibu la kweli limo katika historia, nami naomba unipe dakika chache nikueleze.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Meru mwaka 1896. Wawili wa kwanza, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, si mbali na Tengeru, mwezi Oktoba mwaka huo huo. Wadachi wakalipiza kisasi kikali, na watu wetu wakapoteza maisha, ng'ombe na mashamba. Mwaka 1902 wamisionari wakarudi, wakajenga Nkoaranga. Pamoja na kanisa ilikuja shule, na pamoja na shule alikuja mwalimu ambaye pia ni mhubiri. Kwa babu zetu kusoma na kubatizwa vilikuwa karibu jambo moja. Baadaye, katika miaka ya 1950, chuo cha theolojia kikawekwa Makumira, barabara hiyo hiyo ya kwenda Moshi. Kwa hiyo kanisa la kwetu lilikuwa na mahali pa kumfundishia mwalimu wake wa dini, na lilikuwa na sadaka ya Jumapili ya kumlipa.

Uislamu ulikuja Arusha kwa njia nyingine. Wadachi walipojenga boma lao Arusha kuanzia mwaka 1899, jengo ambalo leo ni makumbusho, walikuja na askari, wapagazi na makarani, na nyuma yao wakaja wachuuzi kutoka pwani. Wengi wao walikuwa Waislamu. Mji ukaota kando ya boma, na kati ya nyumba zake zikaota madrasa. Hakukuwa na bodi ya misheni Ulaya iliyomtuma maalim wala kumtumia mshahara. Alikuwa fundi, mchuuzi au mkulima aliyejua Kurani, akakusanya watoto barazani kwake. Mtoto alianza na alif, be, te kwenye ubao, akaendelea na juzuu ya Amma, na siku akihitimu wazazi wakapika pilau. Malipo ya maalim yalikuwa senti za Alhamisi, na mara nyingi kuku au kibaba cha mchele.

Waingereza walipoanza katika miaka ya 1920 kutoa ruzuku kwa shule za misheni, waliweka masharti: shule ifuate mtaala wa serikali na ifundishe masomo ya dunia. Shule nyingi za misheni zilitimiza masharti, zikapata fedha, zikakua. Madrasa hazikuwa shule za namna hiyo, hazikupata kitu. Mzazi Mwislamu wa bara akabaki na njia mbili ngumu. Ama ampeleke mwanawe shule ya misheni, akihofu atarudi na jina jipya, ama amwache madrasa, ambako atajua kusali lakini hatapata ukarani. Shule za serikali zisizo na dini zilikuwapo, kama ile ya Tanga iliyoanza enzi za Wadachi, lakini zilikuwa chache.

Waislamu hawakukaa bure. Dar es Salaam, katika miaka ya 1930, Al-Jamiatul Islamiyya ilijenga shule yake iliyofundisha dini na masomo ya dunia pamoja. Mwaka 1945 ikaundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa msukumo wa Aga Khan wa tatu, nayo ikajenga misikiti na shule katika nchi zote tatu. Huko Zanzibar, ambako wazazi walisita kuwapeleka watoto katika shule za serikali, serikali ilijifunza kwamba mwalimu wa Kurani akiwa ndani ya shule, watoto huja. Huko wengi walikuwa Waislamu, na jambo likawa rahisi. Ugumu ulikuwa wa sehemu kama Tengeru.

Kisha ukaja uhuru, na Azimio la Arusha la 1967, na Elimu ya Kujitegemea. Desemba 1968 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu ilipigwa marufuku Tanzania, na mwezi huo huo likaundwa Baraza Kuu la Waislamu, yaani BAKWATA. Kwa sheria ya elimu ya 1969 serikali ikataifisha shule za mashirika ya dini, ili mtoto wa Kitanzania asiulizwe dini yake mlangoni. Nilisoma chini ya utaratibu huo, na mpaka leo nausifu. Mtoto wa Kipare Mwislamu aliketi dawati moja na mimi kwenye shule iliyokuwa ya misheni, na hakuna aliyemdai cheti cha ubatizo.

Katika utaratibu huo dini haikufukuzwa shuleni. Ilipewa vipindi katika ratiba, na kila dini ikaambiwa ilete mwalimu wake. Serikali haina dini. Watu wake wanazo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa sheria, basi, mlango wa darasa ulikuwa wazi kwa wote sawasawa. Lakini kanisa lilikuwa na mwinjilisti wa kumpitisha mlangoni, na msikiti wa Tengeru haukuwa na mtu wa kumlipa. Wale watoto saba walipewa haki kamili, wakabaki chini ya mkuyu.

Jioni ya siku ile niliyoulizwa swali nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Tafuta huyo maalim. Ukimpata, chumba kipo."

Nilimpata sokoni, nyuma ya cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, mtu wa makamo kutoka Kondoa, mpole, mwenye kanzu iliyotobolewa na cheche za pasi ya mkaa. Kila jioni alifundisha watoto nyumbani kwake baada ya kufunga kazi. Nilipomweleza shida yangu alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kumalizia nguo za watu ili zichukuliwe Jumamosi. Saa moja ya kuacha cherehani ni suruali mbili. Alikuwa na watoto watano wa kulisha. Hakukataa. Aliniuliza tu nani atalipia zile suruali mbili.

Tukawaita wazazi wa Kiislamu. Hapo nikaona upande wa pili wa jambo. Walikuja wachache. Mmoja, mwenye duka la kufaa, alilalamika kwa sauti kwamba shule inawanyima watoto wao dini. Tulipofika kwenye mchango, alikumbuka ana mgeni dukani. Waliochanga kwanza walikuwa mama muuza vitumbua na dereva wa lori. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilitosha suruali moja. Maalim akasema ile ya pili ataitoa yeye, iwe sadaka yake.

Likabaki la kamati ya shule. Wajumbe karibu wote walikuwa Wakristo, na wengine wazee wa kanisa. Mjumbe mmoja alisema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi baadaye, mahali pengi, yakitoka katika vinywa vya watu wa dini zote: leo wanaomba kipindi, kesho wataomba msikiti, kesho kutwa watataka shule yote. Kulikuwa na manung'uniko ya kukubali.

Akasimama mzee mmoja, Mlutheri wa siku nyingi. Alisema yeye alipokuwa kijana aliuza maziwa kwenye kambi ya Wapolandi. Akauliza nani humu anaikumbuka. Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe wa mjini hukuwahi kuisikia habari hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Warusi waliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wapolandi kutoka mashariki ya nchi yao mpaka Siberia na Kazakhstan. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, waliobaki hai waliachiwa, na mwaka 1942 wengi wakavushwa hadi Iran. Kutoka huko, wanawake, watoto na wazee wapatao maelfu kumi na kitu waliletwa Afrika Mashariki na kusini mwake. Uganda walikaa Masindi na Koja. Kwetu Tanganyika walikaa Kidugala, Ifunda, Kondoa na kwingineko. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, na ilifikia watu kama 5,000, watoto wakiwa wengi sana. Walikaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao, kama 150, yapo hadi leo. Wengi waliozikwa humo ni Wakatoliki, lakini wamo pia Waorthodoksi na Wayahudi.

Watu wale walifika wamekonda, wengine yatima. Waliishi katika vibanda vya udongo vilivyoezekwa nyasi. Na mapema sana walianzisha shule. Watoto wao walisoma kwa Kipolandi, wakafundishwa historia ya nchi ambayo hawakujua kama wataiona tena, na wakafundishwa dini yao na mapadri wao wenyewe. Hawakuona kwamba dini ya mtoto ni jambo la kusubiri mpaka hali itengemae. Waliona kwamba mtoto asipofundishwa na watu wake yeye ni nani, atapotea hata akishiba.

Hoja ya yule mzee ilikuwa fupi. Alisema Wapolandi walikuwa wageni, waliletwa na Mwingereza kwenye ardhi yetu bila sisi kuulizwa, na walifundisha watoto wao dini yao mbele ya macho yetu, wala Meru haikugeuka kuwa Polandi. Hawa watoto wa fundi na wa muuza vitumbua ni wa kwetu. Wamezaliwa hapa na watazikwa hapa. Tukiwanyima tulichoona mgeni akipewa, tutamwambia nini Mungu? Kisha akaketi. Kamati ikapitisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma jambo ambalo ningetamani mzee yule angelijua, maana lingemfurahisha. Polandi yenyewe ina Waislamu wake wa zamani. Ni Watatari, waliopewa makazi katika nchi za Lithuania na Polandi tangu mwisho wa karne ya 14 kwa sababu walikuwa askari hodari wa farasi. Walikaa kati ya Wakristo kwa zaidi ya miaka 600. Lugha ya babu zao waliisahau, wakawa wanaongea Kipolandi na Kibelarusi kama jirani zao. Lakini dini waliishika, na njia waliyotumia ni ya kushangaza kwa mtu wa kwetu: waliandika vitabu vyao vya dini kwa lugha za jirani, kwa herufi za Kiarabu. Nasi pwani tulifanya hivyo hivyo. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi hizi ninazosomea maneno haya.

Na hapa pana jambo ambalo sisi Wakristo wa bara hatupendi sana kulikumbuka. Baadhi ya wamisionari wa Kijerumani walikitilia shaka Kiswahili, wakiogopa kinanuka Uislamu. Waliona afadhali mtu afundishwe Ukristo kwa lugha ya kabila lake. Hofu yao haikuwa ya bure kabisa. Mimi nilipojifunza kipaimara nilifundishwa maana ya dini, imani, sala, dhambi, nabii, malaika, sadaka na baraka. Yote hayo ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Waislamu wa pwani. Mwinjilisti wetu aliyatamka kila Alhamisi, na hayakumfanya Mwislamu. Upande wa pili, tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili kuchapwa, ile ya mwaka 1923, ilitengenezwa na kasisi Mwanglikana, Godfrey Dale, wa misheni ya Zanzibar, kwa makusudi yake ya kikasisi. Ahmadiyya wakatoa yao mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa ile inayopendwa na wengi mwaka 1969. Dini zetu hizi zimeazimana kalamu na maneno kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Maalim alianza mwezi Julai. Alifika na cherehani kichwani, kama alivyotania mwenyewe, maana mawazo yalikuwa kwenye suruali za watu. Alifundisha nguzo tano, udhu, sura fupi na maisha ya Mtume. Siku moja nilisimama dirishani nikamsikia akiwaeleza watoto juu ya Waislamu wa kwanza walioteswa Makka wakakimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo aliyewapokea na kukataa kuwarudisha kwa adui zao. Kisha akawauliza watoto: basi jirani Mkristo akikutendea wema, una deni gani? Nilikuwa nimehofu atafundisha chuki. Nikaondoka pale dirishani nikijionea aibu.

Wale saba walibadilika. Sisemi walianza kushinda mitihani, hapana. Lakini Alhamisi kengele ikilia, walikimbilia chumba chao kama wenzao. Yule msichana ndiye aliyekuwa akifuta ubao kabla maalim hajafika.

Ingependeza niishie hapo, lakini haikuishia hapo. Baada ya miaka miwili hivi mchango ulikauka. Mama wa vitumbua alihama, dereva akapata safari za mbali, na mwenye duka hakuwahi kumaliza mgeni wake. Maalim naye akapata kazi ya kushona sare mjini, akaenda. Chumba kilibaki, mwalimu hakuwapo. Nilijitahidi wale watoto wasirudi kwenye mafyekeo. Niliwapa vitabu vya hadithi wasome. Lakini kitabu cha hadithi si maalim.

Tatizo hili si letu peke yetu. Hao Wajerumani waliotuletea shule ya dini Meru, mwaka 1961 walitia saini mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Uturuki. Walidhani watafanya kazi na kurudi kwao. Wakabaki, wakazaa. Katiba ya Ujerumani ya 1949 inaweka somo la dini katika shule za serikali, kwa kufuata mafundisho ya jumuiya ya dini inayohusika. Wakatoliki na Walutheri walikuwa na walimu wao tayari. Watoto wa Waturuki walibaki bila. Nusu karne ilipita kabla ya jimbo kubwa la North Rhine-Westphalia kuanza mwaka 2012 kuweka somo la dini ya Kiislamu kama somo kamili, na ilibidi vyuo vikuu, kama kile cha Münster, vianze kuwaandaa walimu. Austria ilitangulia: iliutambua Uislamu kwa sheria mwaka 1912, wakati ilipokuwa ikitawala Bosnia, na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 somo la Kiislamu limo katika shule zake. Ufaransa ilichagua njia nyingine kabisa; tangu 1882 ilitoa mafundisho ya dini katika shule za serikali, isipokuwa katika mikoa michache ya mashariki ambako sheria za zamani zilibaki.

Kila njia ina gharama yake. Ya Ufaransa inamtendea kila mtoto sawa kwa kumnyima kila mmoja. Ya Ujerumani inampa kila mmoja, lakini serikali inaingia kuuliza nani hasa anawasemea Waislamu, swali ambalo hata hapa kwetu limegombanisha watu. Ya kwetu inaiacha serikali nje ya ugomvi huo, na mimi nadhani hilo ni jema. Ila ina kasoro niliyoiona kwa macho yangu Tengeru. Jumuiya yenye nguvu mahali hutumia haki yake, na isiyo na nguvu hubaki na haki hiyo kwenye karatasi. Wala usifikiri ni Waislamu tu. Nenda vijiji vya Kilwa au Pemba, uulize mtoto wa Kikristo wa askari au wa nesi aliyehamishiwa huko, Alhamisi yake inakuwaje.

Ndugu msikilizaji, nina mawili tu ya kuomba. La kwanza ni kwa wazazi. Kulalamika kwamba watoto hawafundishwi dini, na huku maalim au katekista anakufa njaa, ni kumdanganya mtoto. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Suruali mbili kwa juma si mzigo wa watu ishirini.

La pili ni kwa wenzangu walimu, na kwa kamati za shule, hasa mnaokaa mahali ambapo watu wengi ni wa dini yenu. Kipindi cha dini kinapofika, tazameni nje ya dirisha. Mkiona watoto wanne au saba chini ya mti, msingoje wazazi wao waje kugombana. Wazazi hao ni wachache, na mara nyingi mtu mchache huogopa kusema. Nendeni ninyi mkamtafute mwalimu wao, hata kama dini yake si yenu, kama yule mzee Mlutheri alivyowasemea watoto wasio wa kanisa lake. Na huyo mwalimu akikosekana, basi wapeni kivuli na kitabu.

Mafyekeo tuwaachie wachelewaji.

Nakutakia juma jema.